Mtihani wa Kompyuta au wa Karatasi? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Majibu ya Kuandika

Ukurasa huu ni wa walimu, watunga mitihani, wasahihishaji na wazazi. Unahusu majibu ambayo mwanafunzi huyaandika mwenyewe: insha, maelezo, ufupisho, na yale majibu mafupi ya sentensi mbili tatu. Maswali ya kuchagua herufi hayasumbui sana yakihamishiwa kwenye skrini. Yenye shida ni haya ya kuandika.

Je, mwanafunzi yuleyule ataandika jibu lilelile kwenye kompyuta na kwenye karatasi?

Hapana. Anachokijua hakibadiliki, lakini jibu linalomfikia msahihishaji hubadilika urefu, mpangilio wa hoja, idadi ya makosa, na hata namna linavyopokelewa na anayelisoma.

Anayeandika hufanya kazi mbili kwa mpigo: anafikiri la kusema, na papo hapo analitia kwenye maandishi. Kumbukumbu ya muda mfupi ina nafasi finyu, na kazi hizo mbili huigombania. Mtu aliyezoea kalamu haifikirii kalamu. Mkono unakwenda wenyewe na akili yote iko kwenye hoja. Mpe mtu huyo kibodi asiyoizoea, umuone anavyotafuta herufi. Anaanza sentensi akiwa nayo nzima kichwani, anasaka "g", anaipata, anainua macho kuangalia skrini, na nusu ya pili ya sentensi imeshamtoka. Anachoishia kuandika ni sentensi fupi kuliko ile aliyokusudia. Mtoto aliyejifunza kuandika kwa kompyuta hupatwa na hayohayo akipewa kalamu: mkono unachoka, anafupisha, na kwa kuwa kurekebisha kunamchafulia karatasi, haachi tu kurekebisha, anaacha hata kufikiria kurekebisha.

Kwa hiyo alama ya insha hupima ujuzi wa kuandika pamoja na mazoea ya chombo kilichotumika. Tungependa kila anayeamua jinsi mtihani utakavyofanywa aanzie hapo.

Basi kompyuta humfaidi nani na humuumiza nani?

Humfaidi aliyezoea kuandikia kompyuta, hasa akiwa tayari ni mwandishi mzuri. Humuumiza asiyeizoea, na huumia zaidi yule ambaye hata kwenye karatasi alikuwa akijikokota.

Mwaka 1997 watafiti Michael Russell na Walt Haney walichapisha jaribio walilolifanya katika shule moja ya jimbo la Massachusetts, Marekani, ambako wanafunzi walikuwa wamezoea kuandika kwa kompyuta. Kwenye maswali ya kuchagua tofauti haikuwa kubwa. Kwenye kazi ya kuandika ilikuwa kubwa mno: walioandika kwa mkono waliofikia kiwango cha kufaulu walikuwa asilimia 30 hivi, na walioandika kwa kompyuta asilimia 67. Wanafunzi walikuwa wa shule ileile na swali lilikuwa lilelile. Mtu aliyeziona alama za karatasi peke yake angesema shule hiyo haifundishi kuandika.

Jaribio la 1999 la Russell huyohuyo lilionyesha upande wa pili. Waliokuwa na kasi nzuri ya kuchapa walipata alama za juu zaidi kwenye kompyuta, na wazito wa kuchapa waliporomoka walipopewa kompyuta badala ya karatasi. Kwa hiyo ukichukua wastani wa darasa zima unaweza kuona "hakuna tofauti", kumbe nusu wamepanda na nusu wameshuka. Kosa la kuridhika na wastani ndilo tunaloliona mara nyingi zaidi kwenye ripoti za majaribio ya shule.

Hali ni hiyohiyo kwa watoto wadogo. Mwaka 2012 upimaji wa taifa wa Marekani, NAEP, ulijaribu uandishi wa kompyuta kwa darasa la nne. Wanafunzi wenye uwezo wa juu walifanya vizuri zaidi kwenye kompyuta kuliko kwenye karatasi. Wa kati na wa chini hawakupata faida hiyo. Kompyuta ilikuwa imepanua pengo.

Je, pengo hilo huisha lenyewe watoto wakizoea?

Hupungua, lakini haliishi kwa mwaka mmoja. Massachusetts ilipoingiza PARCC, mtihani wa pamoja wa majimbo kadhaa ya Marekani, mwaka 2015 na 2016, shule nyingine zilitumia kompyuta na nyingine karatasi. Watafiti Ben Backes na James Cowan walipochambua matokeo waliona kwamba, mwaka wa kwanza, kufanya mtihani kwa kompyuta kulishusha alama za hisabati kwa takriban 0.10 ya mkengeuko sanifu (kipimo cha jinsi alama zinavyotawanyika kuuzunguka wastani), na za lugha kwa takriban 0.25. Mwaka wa pili athari ilipungua kwenye masomo yote mawili, ila kwenye lugha ilibaki kubwa zaidi. Lugha iliumia kuliko hisabati, nasi tunaona sababu moja ni kwamba humo ndimo kusoma vifungu virefu na kuandika sana kunakokutana.

Mwanafunzi anahitaji kasi gani ya kuchapa ili kompyuta isimwangushe?

Kizingiti kilichojitokeza kwenye kazi za Russell ni maneno 20 hivi kwa dakika. Chini ya hapo, karatasi ilimfaa mwanafunzi zaidi. Lakini tahadhari: kipimo hicho ni cha Kiingereza, na kwa kawaida ya wapimaji "neno" moja ni mibofyo mitano, nafasi ikiwemo. Maneno 20 ni mibofyo 100 kwa dakika. Kiswahili hubebesha neno moja viambishi vingi; "hawakumwambia" ni neno moja lenye herufi 13. Ukihesabu maneno ya Kiswahili utamwona mtoto mzito kumbe hana tatizo. Hesabu mibofyo.

Kumpima mwanafunzi kunachukua chini ya saa moja, kwa siku mbili:

1. Chagua vifungu viwili vya ugumu sawa, ambavyo anaweza kuvisoma bila kukwama. Msomee kwanza, au asome mwenyewe, ili tusije tukapima usomaji.
2. Anakili kifungu cha kwanza kwa mkono kwa dakika 3. Apumzike dakika 5.
3. Anakili kifungu cha pili kwa kibodi kwa dakika 3.
4. Hesabu herufi na nafasi zilizoandikwa sawasawa, ugawe kwa 3.
5. Siku nyingine, mpe maswali mawili mepesi ya kujieleza, kila moja dakika 10, moja kwa kalamu na jingine kwa kibodi. Hapa anatunga, hanakili.

Hatua ya tano ndiyo inayorukwa, nayo ndiyo yenye uzito. Kutunga ni kwa polepole kuliko kunakili, kwa kuwa mtu husimama kufikiri, hurudi nyuma, hufuta. Ukipanga muda, chukulia kwamba kasi ya kutunga ni nusu ya kasi ya kunakili au pungufu.

Mfano: swali la pili la uandishi kwenye IELTS, mtihani wa kimataifa wa Kiingereza, linataka angalau maneno 250, na mtahiniwa hushauriwa kulitumia dakika 40. Ukitoa dakika 5 za kupanga na 5 za kupitia, zinabaki 30, yaani maneno 8 hadi 9 kwa dakika ya kutunga. Mwenye kunakili maneno 20 kwa dakika anavuka, ila bila nafasi kubwa ya kufuta aya na kuiandika upya. Mwenye 12 atamaliza muda hajamaliza hoja.

Tumfundishe mtoto kuchapa kwa muda gani?

Vipindi vifupi vya dakika 10 hadi 15, mara tatu au nne kwa wiki, kwa muhula mzima, vinafaa kuliko siku nzima ya "mafunzo ya kompyuta" wiki moja kabla ya mtihani. Anza na vidole kukaa mahali pake na macho kuwa kwenye skrini, kasi hufuata. Lakini kuchapa peke yake hakutoshi. Mwanafunzi lazima aandike insha zake za kawaida kwa kibodi na zisahihishwe, kwa sababu anachohitaji kuzoea ni kufikiri huku anachapa.

Kwa nini majibu ya kompyuta huwa marefu zaidi? Je, marefu ndiyo mazuri?

Kwa anayechapa haraka, kila sentensi ya ziada humgharimu kidogo, basi anaziongeza. Uchambuzi uliounganisha tafiti za 1992 hadi 2002, uliofanywa na Amie Goldberg, Russell na Abigail Cook, uliona kwamba wanafunzi wanaotumia kompyuta wanapojifunza kuandika huandika marefu zaidi na, kwa kiasi, bora zaidi.

Kuna urefu wa aina mbili, hata hivyo. Mwanafunzi anayeongeza mfano, sababu au pingamizi anapata alama kwa haki. Mwingine anarudia hoja ileile kwa maneno mengine kwa kuwa kibodi haimchoshi. Mwongozo wa kusahihisha ukisema tu "jibu lililopanuliwa vizuri", wa pili atachota alama za wa kwanza. Andika kwenye mwongozo unachokitaka: hoja ngapi tofauti, kila hoja iwe na ushahidi gani.

Kompyuta hubadilishaje namna ya kupanga na kurekebisha?

Kwenye karatasi mtu hulazimika kupanga kabla, maana kuhamisha aya haiwezekani. Kwenye skrini wengi huanza kuandika palepale, wakitumaini kupanga baadaye, na baadaye haiji. Insha hizo zina alama yake: aya ya kwanza na ya mwisho zinasema mambo tofauti, kwa sababu mwandishi aligundua hoja yake njiani na hakurudi kurekebisha mwanzo.

Marekebisho kwenye kompyuta ni mengi zaidi, ila mengi ni madogomadogo: herufi, neno, koma. Kuhamisha aya nzima au kufuta ukurasa uliokwenda upande ni nadra, hasa kwa wanaoanza. NAEP ya 2011, ya kwanza kupima uandishi wa madarasa ya 8 na 12 kwa kompyuta, ilirekodi vitufe walivyobonyeza wanafunzi. Waliotumia zaidi kitufe cha kufutia na kamusi ya visawe walipata alama za juu kwa wastani. Usielewe hapo kwamba kufuta kunaleta alama. Wanaojua kuandika ndio wanaojua wapi pa kufuta.

Dawa yake ni rahisi na haina gharama: mpe kila mtahiniwa wa kompyuta karatasi tupu na penseli, na umruhusu kuzitumia tangu dakika ya kwanza. Mpango wa mistari mitano kwenye karatasi unabaki mbele ya macho yake muda wote, huku kwenye skrini angeupoteza kila anaposogeza maandishi juu. Vituo vingi huondoa karatasi kwa hofu ya udanganyifu. Zihesabu, zigonge mhuri, zikusanye mwishoni, usiwanyime.

Je, wasahihishaji hupendelea mwandiko wa mkono au maandishi ya kuchapwa?

Hili huwashangaza wengi. Insha iliyochapwa huelekea kupata alama ndogo kuliko insha hiyohiyo ikiwa imeandikwa kwa mkono.

Mwaka 1994 Donald Powers na wenzake wa Educational Testing Service, shirika la Marekani la kutunga mitihani, walichukua insha za mkono wakazichapa neno kwa neno, na zilizokuwa zimechapwa wakaziandika upya kwa mkono. Kisha matoleo yote yakasahihishwa. Toleo la mkono lilipata wastani wa juu zaidi, haidhuru insha ilizaliwa kwa njia ipi. Mwaka 2004 Michael Russell na Wei Tao waliona mwelekeo huohuo kwa insha za wanafunzi wa shule.

Sababu ni kadhaa. Kwanza kabisa, chapa huanika makosa. Chukua "aliwambia" badala ya "aliwaambia". Kwenye mwandiko, msahihishaji anaona vijiduara vimesongamana baada ya "w", jicho linampa mwanafunzi faida ya shaka, na anaendelea. Kwenye chapa herufi iliyokosekana iko wazi, na kalamu nyekundu inashuka.

Urefu nao hudanganya. Maneno 250 ya mkono hujaza takriban ukurasa mzima. Yaleyale, yakichapwa kwa herufi za ukubwa wa 12 bila kuachwa mstari, hayavuki nusu ya ukurasa. Msahihishaji aliyechoka anaona jibu "fupi" kabla hajasoma neno.

Tena chapa huonekana kama kazi iliyokamilika, kama kitabu, kwa hiyo msomaji huitarajia iwe safi. Mwandiko, pamoja na mikato yake na neno lililochomekwa juu ya mstari, humkumbusha kwamba hii ni rasimu ya kwanza ya mtu aliyebanwa na saa. Mikato hiyo humwonyesha pia kwamba mwanafunzi aliliona kosa akalirekebisha; kompyuta hufuta juhudi hiyo isionekane.

Mwandiko mbaya je?

Huo ni upande wa pili wa shilingi, na ni dhuluma ya zamani. Insha moja ikiandikwa kwa mwandiko unaosomeka na kwa mwandiko usiosomeka vizuri, ya pili hupewa alama ndogo hata pale msahihishaji alipoambiwa aangalie hoja tu. Anapolazimika kufumbua herufi, hupoteza uzi wa hoja, na lawama humwendea mwandishi. Kwa watoto wa namna hii kompyuta ni ukombozi, mradi wafundishwe kuitumia.

Tufanyeje ili usahihishaji uwe wa haki pale ambapo wengine wameandika na wengine wamechapa?

Kama uwezo upo, chapa majibu yote ya mkono neno kwa neno, pamoja na makosa yake, ili msahihishaji aone umbo moja tu. Anayechapa asirekebishe hata nukta, na mtu wa pili alinganishe angalau jibu moja kati ya kumi na nakala yake. Ni kazi kubwa, inafaa kwa utafiti na mitihani midogo.

Kwa mitihani mikubwa, njia inayotekelezeka ni mafunzo. Andaa jozi sita hadi kumi za insha zilezile, moja ya mkono na moja ya chapa, uzichanganye na nyingine, uwape wasahihishaji bila kuwaambia. Baadaye weka alama zao ubavuni. Msahihishaji anayeona kwa macho yake kwamba insha moja ameipa 14 na pacha wake 11 habishani tena. Russell na Tao walionyesha kwamba wasahihishaji wakijulishwa athari hii, inaweza kupungua hata kutoweka. Powers na wenzake nao, baada ya kuboresha mafunzo na kuchapa insha kwa kuruka mstari, waliona pengo likipungua.

Weka pia idadi ya maneno juu ya kila jibu lililochapwa, ili jicho lisihukumu urefu kwa ukurasa. Na usiwatenge wasahihishaji kundi moja likachukua karatasi na jingine kompyuta. Ukali wa kundi utaonekana kama tofauti ya chombo, na hutaweza kuvitenganisha tena.

Kikagua tahajia kiwashwe au kizimwe?

Inategemea unapima nini. Kama tahajia ni sehemu ya alama, kizimwe kwa wote na usiwape wa karatasi kamusi. Kama unapima hoja na mpangilio, kiwashwe, na kwenye karatasi makosa ya tahajia yasikatwe alama. Mbaya kuliko yote ni kukiacha kwenye baadhi ya mashine kwa kusahau.

Kuna tatizo la pekee kwa mitihani ya Kiswahili. Mashine ikiwa na kamusi ya Kiingereza tu, itapigia mstari mwekundu karibu kila neno sahihi. Mtahiniwa anaanza kujitilia shaka, anabofya mapendekezo, anapoteza muda. Usahihishaji wa kiotomatiki ni hatari zaidi, kwa kuwa hubadili neno akiwa ameshapita. Ingia kwenye mipangilio ya kila mashine uzime vyote viwili, kisha andika sentensi moja ya majaribio kuhakikisha.

Majibu mafupi ya sentensi mbili tatu yanaathirika pia?

Ndiyo, na mara nyingi kwa sababu ya ukubwa wa kisanduku. Kwenye karatasi, mistari mitatu humwambia mwanafunzi bila maneno kwamba sentensi mbili zinatosha. Kwenye skrini, kisanduku cha mstari mmoja huzaa jibu la maneno matano hata kama swali linasema "eleza". Kisanduku kikubwa humfanya mwingine adhani anadaiwa insha. Kipe kisanduku ukubwa wa jibu unalolitarajia, kiwe kinarefuka maandishi yakizidi, na useme wazi kwenye swali: "Andika sentensi mbili au tatu."

Hisabati na sayansi?

Hapa karatasi bado inatawala, na tunasema hivyo bila kusitasita. Kuandika sehemu, kipeuo au mlinganyo kwa kibodi kunahitaji kubofya menyu nyingi kwa jambo ambalo kalamu hulimaliza kwa sekunde mbili. Mwanafunzi hukokotoa kwenye karatasi ya pembeni, kisha ananakili jibu la mwisho tu. Hatua za kazi, ambazo ndizo zenye alama, hazifiki kwa msahihishaji. Wakati wa kunakili, tarakimu hubadilishana nafasi.

Kama lazima iwe kompyuta, kusanya karatasi ya ukokotozi na uisahihishe. Michoro ya maumbo, grafu za mkono na vielelezo vya kisayansi viachwe kwenye karatasi hata kama maelezo yake yanachapwa. Grafu ya kuburuta nukta kwa kipanya haipimi kitu kilekile na grafu ya kuchora: ya kwanza imeshampa mwanafunzi mihimili na vipimo.

Mwanafunzi akitakiwa kusoma kifungu kirefu kwanza, kisha aandike, skrini inamwathiri?

Sana. Kwenye karatasi hukumbuka kwamba hoja ilikuwa "chini, upande wa kushoto", na hurudi hapo moja kwa moja. Maandishi yanayosogezwa hayana mahali pa kudumu, basi hutafuta upya kila mara, na wenye kumbukumbu dhaifu ndio huumia zaidi. Matokeo huonekana kwenye jibu: nukuu chache, na nyingi zinatoka aya za mwanzo.

Gawa skrini mara mbili, kifungu kushoto na jibu kulia, kila upande usogee peke yake. Skrini iliyo chini ya inchi 11 hivi haigawanyiki vizuri. Hapo mpe kifungu kwenye karatasi. Kikatwe kurasa zenye namba badala ya utepe mmoja mrefu, na kuwe na zana ya kupaka rangi mistari.

Kishikwambi au simu vinaweza kutumika?

Kishikwambi chenye kibodi halisi, ndiyo. Kibodi ya kwenye kioo hufunika nusu ya skrini, mwandishi anaona mistari mitatu minne ya kazi yake, na haisomi tena. Simu isitumike kwa insha kabisa.

Wanafunzi wenye mahitaji maalumu?

Uamuzi ufuate anachokitumia darasani kila siku. Mwenye tatizo la misuli ya mkono au la kuunda herufi kwa kawaida hunufaika na kibodi. Mwenye uoni hafifu hunufaika na maandishi makubwa na rangi za kutofautisha, ila akikuza maandishi hadi asilimia 200 ataona robo tu ya eneo la skrini kwa wakati mmoja, kwa hiyo aongezewe muda. Ruhusa hiyo ijaribiwe kabla, kwenye programu ileile ya mtihani. Zana ya kusoma kwa sauti inayofanya kazi nyumbani mara nyingi huzuiwa na programu inayoifunga mashine isifungue kitu kingine wakati wa mtihani.

Shule ikitaka kuhamia kompyuta, ianzie wapi?

Isiharakishe, na isihamishe masomo yote pamoja. Ufini ilianza kuhamisha mtihani wake wa kumaliza sekondari ya juu majira ya vuli ya 2016, ikaanza na masomo machache yakiwemo jiografia, falsafa na Kijerumani, na ikamaliza na hisabati majira ya kuchipua ya 2019. Mtahiniwa huja na kompyuta yake, na inawashwa kutoka kwenye fleshi yenye mfumo maalumu, hivyo mafaili na intaneti yake havifikiki.

Katika kipindi cha mpito, mwachie mwanafunzi achague. TOEFL, mtihani mwingine wa kimataifa wa Kiingereza, katika toleo lake la kompyuta lililoanza 1998 iliwaruhusu watahiniwa kuandika insha kwa mkono au kwa kibodi. Ni toleo la intaneti la 2005 lililofanya kuchapa kuwa lazima. Lakini asichague siku ya mtihani, maana wengi huchagua kwa fahari au kwa kufuata wenzao. Achague wiki sita kabla, akiwa na matokeo ya kile kipimo cha kasi mkononi, kisha afanye mazoezi mawili kamili kwa njia aliyoichagua.

Je, tunaweza kulinganisha alama za mwaka huu za kompyuta na za mwaka jana za karatasi?

Si moja kwa moja. Ili ujue kiasi gani cha mabadiliko ni cha chombo, wagawe wanafunzi kwa kura, nusu karatasi na nusu kompyuta, kwa swali lilelile siku ileile. Ukiacha shule zijichagulie, zenye vifaa ndizo zitakazochagua kompyuta, na hutajua unapima chombo au utajiri. Toa taarifa kwa makundi ya kasi ya kuchapa, usitoe wastani mmoja.

Mambo gani huharibika zaidi chumbani siku ya mtihani?

Kitufe cha Insert kikiguswa kwa bahati mbaya, kila herufi mpya hula ya mbele yake. Mtahiniwa anadhani mashine imeharibika. Kukibonyeza tena kunatosha. Caps Lock huacha aya nzima kwa herufi kubwa. Mpangilio wa kibodi ukiwa wa nchi nyingine, alama za mtajo na nyinginezo huhama mahali pake. Mtahiniwa huteua maandishi yote bila kujua, anagusa herufi moja, na insha inatoweka. Ctrl pamoja na Z huirudisha, mradi asiwe amefunga dirisha. Wafundishe wote amri hiyo kabla ya siku yenyewe. Kelele za vitufe nazo huwasumbua walio kwenye karatasi, kwa hiyo usiwachanganye chumba kimoja.

Jibu la mwanafunzi limepotea katikati ya mtihani. Msimamizi afanye nini?

Amwambie aondoe mikono kwenye kibodi, kwa sababu kila herufi mpya inaweza kufunika nakala ya muda. Aandike saa kamili ya tukio. Ajaribu kutendua mara moja. Ikishindikana, amwite fundi afungue nakala iliyohifadhiwa kiotomatiki, ambayo programu nzuri huihifadhi kila sekunde 30 au pungufu. Mwanafunzi ahamishiwe mashine ya akiba ambayo tayari imewashwa. Weka moja kwa kila watahiniwa 15 hadi 20. Dakika zote zilizopotea zirudishwe, pamoja na dakika 5 za kusoma upya alichokuwa ameandika, maana hawezi kuendelea na sentensi ambayo hajaiona. Nakala isipopatikana, apewe karatasi na muda kamili wa swali hilo, na karatasi yake ya mpango ibaki mezani kwake.